Pembe Iliyotiwa Chumvi

Ndugu zangu, najua mmeingia humu na redio bado inawalia masikioni. Marekani imepeleka manowari huku, imeondoa askari kule, imemnunia huyu, imemkumbatia yule. Tangu asubuhi mko hapo nje mnabishana: mkubwa huyu ni rafiki yetu au si rafiki? Swali lenyewe ni la kipuuzi, na nitawaambia kwa nini.

Palikuwa na mfugaji mmoja mwenye ng'ombe tisa, naye ndiye aliyekuwa mpiga pembe wa kijiji chao. Pembe ya tandala, ndefu kama mkono. Ikilia, ujue kuna hatari, kila mtu anatoka na alichoshika: mwenye mwiko na mwiko wake, anayeoga na sabuni yake kichwani. Asiyetoka alitozwa mbuzi, na mbuzi huyo aliliwa mbele ya macho yake, yeye akinyimwa hata supu.

Siku moja akashuka tajiri wa mlimani. Bunduki zake zilikuwa nyingi kuliko majembe ya kijiji kizima.

"Mpaka leo mnahangaika na pembe?" akawauliza. "Nipeni kila mmoja kona ya boma lake nimweke mlinzi wangu. Ninyi pumzikeni."

Wakashangilia. Fimbo zikawa kuni. Mke wa mfugaji akaziba tundu la pembe kwa gunzi, akatia chumvi ndani, akaitundika jikoni. Mfugaji alimwona, akacheka.

Miaka ikapita. Mchana mmoja, jua la saa saba, watu wa ng'ambo ya mto wakaingia bomani, wakafungua zizi, wakaswaga ng'ombe wote tisa. Wakampita mlinzi amekaa na bunduki yake magotini.

Mfugaji akamkimbilia. "Kijana, hukuwaona?"

"Nimewaona, mzee."

"Sasa?"

"Sina amri. Amri inatoka mlimani."

Akaupanda mlima anahema. Njiani hakuwawaza tisa wote. Alimwaza mmoja, yule mwekundu mwenye ndama, ambaye maziwa yake ndiyo yaliyokuwa yakimlea mjukuu wake asiye na mama. Leo jioni atakunywa nini yule?

Alimkuta tajiri amesimama mbele ya ramani iliyojaa misumari, macho mekundu kwa kukosa usingizi.

"Bwana mkubwa, wamenimaliza. Ng'ombe wangu wamekwenda."

"Nimeambiwa. Hao wa ng'ambo nina mapatano nao, wananishikia daraja. Nikiwagusa, daraja limekwenda."

"Lakini ulisema utatulinda."

"Ndugu yangu, kaa chini. Huyo mlinzi aliye bomani kwako, umewahi kutazama amekaa ameelekea wapi?"

Mfugaji akakumbuka. Miaka yote ile alikuwa akikiona kisogo cha yule kijana. Kijana hakuwahi kuliangalia zizi hata siku moja. Aliangalia njia ya kupandia mlimani.

"Anailinda nyumba yangu," tajiri akasema. "Na usidhani nina raha. Maboma arobaini, na kila boma limeniletea ugomvi wa jirani yake. Adui yangu ni nani sasa, hata mimi sijui. Ila kukudanganya sikukudanganya. Nilisema naweka mlinzi. Wewe hukuuliza anamlinda nani."

Mzee wa watu akateremka mbio, akaingia jikoni, akang'oa gunzi, akaimwaga chumvi chini, akapiga. Pembe ikakohoa. Akapiga tena, safari hii ikalia bonde zima. Hakutoka mtu. Shemeji yake tu, ua kwa ua, alichungulia huku anamenya muhogo.

"Shemeji, makelele ya nini mchana huu? Si una mlinzi?"

Haya, niambieni, hasira zenu mnazipeleka wapi? Kwa tajiri? Hata mimi nimemkasirikia. Anayefanya boma la mwenzake kuwa ngao yake, kisha akaita huo msaada, Mungu anamwona, awe na bendera ya rangi yoyote. Lakini Marekani ikisema usalama wa taifa, inasema taifa lake. Haijawahi kuficha. Ni nani aliyetukataza sisi kuuliza? Nani alitia chumvi kwenye pembe, tajiri?

Na msiwasukumie viongozi. Alhamisi, saa tisa mchana, mama anayeuza vitumbua hapo ng'ambo ya barabara alipiga yowe, vijana wanamvunjia meza. Humu ndani tulikuwa watu kumi na saba, mazoezi ya kwaya. Tulimsikia wote. Mmoja wetu akasema, "Si kuna polisi?"

Tukamalizia ubeti.

Mama huyo amekuja leo. Amekaa benchi la mwisho. Mimi huku mbele ninamwona; ninyi nyote mmempa kisogo.

Geukeni.