Fisi Alivyolinda Magari Bure

Paukwa!

Pakawa!

Nyie wa nyuma mmekula au mmeshinda na njaa? Paukwa!

Pakawaaa!

Haya, sasa nimesikia. Hapo kale, wanyama walipokuwa na magari na sisi hatuna hata baiskeli, palikuwa na kijiji. Katikati barabara: ng'rrr, ng'rrr, magari. Pembeni yake njia nyembamba ya mawe, ya waendao kwa miguu. Waliijenga wenyewe kwa msaragambo, kila mmoja akijitolea, wenye mbawa na wenye kwato.

Bi Kanga alikuwa na vifaranga saba. Kila asubuhi aliwapitisha njia hiyo kwenda kisimani. Ti-ti-ti-ti, mama mbele, watoto nyuma.

Siku moja, pale barabara inapokata kona, akakuta gari la Bwana Nyati limepanda juu ya njia. Lote! Kesho yake likaongezeka la Kiboko. Mwenyekiti wa kijiji mwenyewe, jamani! Bi Kanga afanyeje? Akashuka barabarani na watoto wake. Ng'rrr! Puu! Vumbi lilipotulia, vifaranga walikuwa sita.

Kijiji kizima kikaja kumpa pole.

"Pole sana, dada," akasema Nyati. "Ila mimi nilipaki tu. Sijamgusa mtu."

Aliyelia kuliko wote ni Fisi. Uuuu-wii! Uuuu-wii! Na kijijini kwao Fisi ndiye alikuwa mfagiaji wa barabara, na desturi tangu enzi za mababu ilikuwa hii: kinachofia barabarani ni chake. Basi hata kaburi la mwanawe Bi Kanga hakulipata.

Mama akalia siku tatu. Siku ya nne akafuta machozi, akaanza kutazama.

Akamwona Fisi pale konani, kitambaa begani. "Njoo, bosi! Panda juu kabisa, barabarani watakukwangua! Nitalinda mimi."

"Nikupe nini?" akauliza Nyati.

"Bure, bosi! Sisi si majirani?"

Bi Kanga akasimama. Bure? Fisi? Fisi huyu huyu aliyedai mfupa kwa kumwonyesha mgeni njia? Na mbona uwanja wa soko uko mtupu, yeye anawaita konani tu, mahali dereva haoni mbele? Moyo wake ukamwambia: hapa pana jambo.

Akaenda kwa Mwenyekiti. "Muulize Fisi anapata nini pale."

"Bi Kanga, una uchungu, nakuelewa. Lakini usimsingizie mtu. Na gari langu naliondoa, dakika tano tu."

Dakika tano za Kiboko! Zilianza Jumatatu, na siku hiyo ilikuwa Alhamisi.

"Basi kesho asubuhi, wewe na Nyati mkalale ndani ya magari yenu, kimya," akasema Bi Kanga. "Nikiwa nimemsingizia, nahama kijiji na watoto wangu."

Kiboko akakubali, na Nyati naye alipoambiwa. Walikuwa wamemchoka.

Asubuhi akawafungia watoto ndani. Akaenda konani peke yake, anaita ti-ti-ti-ti kama yuko nao. Akatazama kulia, akatazama kushoto, hakuna gari. Akapiga kelele, akajibwaga barabarani, puu! Miguu juu. Moyo unamdunda, du-du-du, anaogopa hata kupumua.

Fisi huyo! Hakuuliza nani kagonga. Hakuita mtu. Mkononi kikapu, na ndani ya kikapu ndimu, chumvi na pilipili.

"Mama peke yake?" akanung'unika. "Wale sita wako wapi? Na jana nimemsogeza Nyati mpaka ukingoni, ili washuke wote!"

Kwaa! Milango ya magari ikafunguka. Fisi akatupa kikapu, akatimua mbio, na kijijini hapo hakuonekana tena.

Nyati akatikisa kichwa. "Kumbe mwovu yule alikuwa anatuchezea!"

Bi Kanga akasimama, akajikung'uta vumbi. "Fisi hana gari, Bwana Nyati. Yaliyoziba njia ya mwanangu ni haya mawili."

Kiboko akainamisha kichwa, akawasha gari, akalipeleka uwanjani. Nyati akamfuata.

Kesho yake Bi Kanga akapita na watoto wake juu ya mawe, ti-ti-ti-ti. Sita. Lakini kati ya wa tatu na wa nne wakaacha nafasi ya mmoja, na hakuna aliyewaambia waizibe.

Sikilizeni basi, wakubwa na wadogo. Ukiziba njia ya mnyonge, hata kwa dakika tano, umemsukuma kwenye hatari wewe mwenyewe. Na anayekuhimiza uizibe, muulize anakula nini.

Hadithi yangu imeishia hapo. Naiweka kando, isimzibie mtu njia.