Kwa Nini Walinzi wa Tumbo la Uzazi Humchimbia Kondo Mifereji

Hapo kale, miili ya wanawake ilipokuwa bado haijazoea kubeba mimba, ndani ya kila mwili waliishi walinzi. Kazi yao ilikuwa moja: asiye wa ukoo asipite. Mwiba, uchafu, homa, wote walifukuzwa.

Katika tumbo la uzazi la mama wa kwanza, mkuu wa walinzi alikuwa Naetwe. Siku moja alisikia hodi ukutani. Aliyebisha alikuwa Kondo, mlishaji wa mtoto tumboni, mwembamba kama jani changa, na nyuma yake amelala mtoto asiyefikia hata punje ya mtama.

"Shikamooni, mama zangu. Naomba mnichimbie mifereji ya damu, nimnyweshe mtoto."

Nakijwa, mlinzi mwenye mdomo, alimtazama juu hadi chini. "Nusu ya sura yako naijua. Hii nusu nyingine umeiokota wapi?"

"Ni ya baba mtoto."

"Haya! Basi akanywe kwa babaye!"

Walinzi wakacheka. Naetwe naye akacheka, ingawa moyoni alimwonea huruma yule mgeni. Hakumchoma mkuki. Lakini wachimbaji wa mifereji, waliokuwa chini yake, walikuwa wakingoja amri yake, na amri hakuitoa.

"Tumchunguze kwanza," alisema.

Kondo akashika ukuta kwa vidole vyake, akangoja. Ukuta ule ulikuwa laini siku za mwanzo tu. Naetwe aliporidhika na kupaza sauti, "Chimbeni!", majembe yaligonga pagumu. Mifereji ikabaki myembamba kama uzi. Miezi ikapita, Kondo akikamua tone moja moja, hata la kwake mwenyewe akampa mtoto.

Mtoto alizaliwa kimya. Mama alimwita, akamtikisa, akamwita tena. Kisha Kondo naye akatoka, amesinyaa. Naetwe alikimbia hadi mlangoni amwombe radhi, akakuta amekwisha kwenda. Kutoka kule harudi mtu.

Na tangu siku hiyo, mimba inapoingia, walinzi wa tumbo la uzazi huweka mikuki chini, huitana mapema, na hushika majembe wao wenyewe, wakipanua mifereji ukuta ungali laini. Mara nyingine hofu ya zamani huwarudia, wakachelewa, na mama akalia.

Lakini kila Kondo anayekuja ni mpya. Huiona mifereji mipana, akasema, "Ahsante, mama, una ukarimu." Naetwe huendelea kuchimba. Hawezi kumwambia kwamba mifereji ile ni radhi anayomwomba Kondo mwingine, yule wa kwanza.