Nyumba Iliyoitikia Hodi

Sogeeni karibu, wenzangu, niwape kisa cha nyumba.

Palikuwa na mjane msuka mikeka, jina lake Mwanakheri. Alipatana na Zimwi kwamba Zimwi amuuzie nyumba yake ya mawe, na bei iwe mkeka wa kumtosha Zimwi kulala. Mwanakheri akasuka miezi mitatu, vidole vikamchubuka.

Zimwi akaulalia mkeka, akajinyoosha, akasema, "Siuzi tena."

Mwanakheri akashtaki kwa kadhi. Zimwi akaitwa mara ya kwanza, akasema jino linamuuma. Mara ya pili akasema njia ina matope. Mara ya tatu akaja, akanguruma, "Nani alitusikia tukipatana?"

Shahidi hakuwapo. Mwanakheri akasema, "Tulipatana sebuleni, bwana kadhi. Nyumba ilisikia."

Watu wakacheka. Kadhi hakucheka, akainuka, wakafuatana wote mpaka mlangoni pa nyumba, ikaulizwe yenyewe.

Zimwi akaugonga mlango. "Funguka!" Kimya. "Funguka!" Kimya. "Funguka, nakwambia!" Kimya.

Mwanakheri akasogea, akabisha. "Hodi?"

Kuta zikaitikia, "Karibu, mwenye nyumba." Mlango ukafunguka wenyewe.

Kadhi akahukumu papo hapo kwamba Zimwi ahame. Zimwi akaketi kizingitini, akalia. "Nilizaliwa humu. Sina pa kwenda, na niliona haya kusema."

"Nyumba ni yangu," Mwanakheri akasema. "Lakini kaa mpaka mvua zipite, ujenge yako. Kuezeka nitakusaidia."

Nami nilipowaacha, walikuwa juu ya paa la nyumba mpya ya Zimwi, mmoja akimpa mwenzake makuti.