Blanketi la Majani

Katika ukoo ule hapakuwa na mfumaji mwepesi kama dada yake baba mtarajiwa, na ndiyo maana walimbandika jina la Cherehani. Kaka yake alikuwa akingoja mtoto wa kwanza. Cherehani, ambaye hakujaliwa kuzaa, alitamani kuliko kitu chochote kichanga kile kitoke hospitali kimefunikwa blanketi la mikono yake. Bibi wa mtoto alikwisha kata shauri: blanketi litakalokamilika kwanza ndilo litakalomleta mjukuu nyumbani.

Mshindani wake alikuwa mama mdogo wa mtoto, mdogo wake wifi yake. Walinunua ruwaza moja ya majani, yaani kielelezo cha kufumia, iliyokuja kwa namna mbili: mchoro wa visanduku na maelezo ya maandishi. Cherehani akaunyakua mchoro, akisema picha haisomwi, hutazamwa. Mama mdogo aliyasoma maelezo hadi mwisho, akafuma kipande cha kujaribia, kikubwa kama kiganja, kisha akakifumua. Cherehani alicheka mpaka mbavu zikamuuma, akamuuliza kama blanketi hilo ni la kuzaliwa mtoto au la kumwozea.

Sindano zake zikaenda mbio. Kazi ilipokaribia kwisha, aliitandaza kitandani kwa maringo. Lahaula! Majani yalikuwa yamekatikakatika, nusu huku, nusu kule, kama yaliyotafunwa na mbuzi. Akameza kiburi, akaenda kwa mama mdogo.

"Wifi, nimekosea wapi?"

Mama mdogo aliutazama mchoro, akaelewa. "Mistari yote umeisoma kutoka kushoto, kama gazeti. Kufuma ni kwenda na kurudi, wifi yangu. Mstari wa kwenda unausoma kutoka kulia, wa kurudi ndio unaanzia kushoto."

Cherehani alilia, kisha akajicheka, wakalifumua pamoja.

Mtoto naye hakungoja mtu. Siku ya kumchukua, Cherehani alikuwa wa kwanza langoni mwa hospitali, mikono mitupu. Mama mdogo alikuja baadaye, taratibu, blanketi kwapani. Akamfunika mtoto kwa majani mazima, kisha akamkabidhi shangazi mtu ambebe mpaka nyumbani.

Kaka yake akamtania kwamba hata leo amewashinda wote kwa kuwahi.

"Kuwahi nimewahi, kaka," alijibu huku machozi ya furaha yakimtoka, "lakini kutangulia si kufika."