Ngazi ya Mzee Lisimako

Sogeeni, na mwenye karanga azitafune polepole, maana leo sina sungura wala zimwi. Nina mzee mmoja, watu watatu waliompenda, na kesi iliyonishinda. Mkishasikia mtaniamulia.

Zamani, dola ya Rumi ilipokuwa imezeeka na mahekalu ya miungu ya kale yanafungwa moja baada ya jingine, aliishi mjini Iskanderia mwalimu wa falsafa jina lake Lisimako. Nyumba yake ilikuwa katika mtaa wa wafumaji wa kitani, na humo alikaa na watu watatu.

Tarusi alikuwa mtawa wa Kikristo, ametoka jangwani. Kipaji chake kilikuwa kunyamaza. Msidhani ni kitu kidogo. Wengi wetu tukifunga mdomo, moyo unaendelea kupiga soga. Tarusi alinyamaza mpaka ndani.

Eutropio alikuwa mwanafunzi wa mzee wa miaka mingi, hajabatizwa, na alishika mafundisho ya wahenga wa Kigiriki. Kipaji chake kilikuwa hoja. Mtu yule angeweza kubishana na mlango mpaka ukafunguka wenyewe.

Zoila alikuwa binti wa mzee. Kipaji chake kilikuwa kumjua baba yake. Alijua kikohozi kipi ni cha baridi na kipi ni cha kukwepa swali.

Sasa, mzee alifundisha kitu alichokiita ngazi ya “si”. Ukitaka kumkaribia Mungu, alisema, anza kwa kukana. Mungu si jiwe. Hapo umepanda kipandio kimoja. Mungu si jua. Si mwanga, kwa sababu mwanga tunaujua. Si hata wema, kama ni wema huu wetu wa kusalimiana sokoni. Unakana, unapanda, mpaka maneno yanakwisha, na katika kimya kile kinachobaki, ndimo alimo. Kisha unashuka, unanawa mikono, unakula.

Na mwiko ulikuwa mmoja: asipande mtu bila mwenzake wa kumshika mkono. Aliyebaki chini akiona pumzi ya mpandaji inafifia, anaubana ule mkono, naye anarudi.

Asubuhi moja mzee akaketi apande, na zamu ya kushika mkono ilikuwa ya Tarusi. Eutropio, ambaye hakujua kukaa na neno tumboni, akamchokoza: “Dada Tarusi, hivi mwalimu akifika huko juu atamkuta Kristo wako, au yule Mmoja wa wahenga wetu?”

Tarusi alivumilia mengi, lakini hilo halikumezeka. “Mnamwita Mmoja kwa kuwa mnaogopa kumwita Baba!” akasema, na ili amnyoshee kidole vizuri, akauachia mkono wa mzee.

Sauti zikapanda. Majirani wakaanza kuchungulia. Zoila akatoka jikoni mbio kuwaamua, na dakika si nyingi, badala ya kuamua, akawa mgomvi wa tatu. Fahali wawili wakipigana ziumiazo ni nyasi, na nyasi siku ile ilikuwa mzee wa watu.

Walipogeuka, alikuwa amekwenda. Mwili ulikuwepo, umeketi vilevile, pumzi nyembamba kama uzi. Wakamwita, hakuitika. Alikuwa ameshakana jiwe, jua na mwanga, kisha pasipo wa kumzuia akamkana na Lisimako. Siku zikaenda bila kula, mashavu yakabonyea. Zoila akalia mbele ya watu, wale wawili wakalia wakijificha, na ugomvi wote ukawaishia mdomoni.

Tarusi ndiye aliyeanza. Aliketi mbele ya mzee, magoti yakigusana, akaifuata pumzi yake: mzee akivuta, naye anavuta. Mwanzoni alisali moyoni, “Bwana, hurumia.” Kisha akaacha “hurumia”. Kisha, na hili lilimuuma kuliko njaa zote za jangwani, akaacha na “Bwana”, akashuka katika kimya mahali asipowahi kufika. Huko, alisema baadaye, alimpapasa mtu gizani akamshika mkono. Mzee akafumbua macho. Lakini kila alichoulizwa alijibu neno moja tu.

“Baba, unaniona?”

“Si.”

“Wewe ni Lisimako?”

“Si.”

Eutropio akafuata. Akavuta kigoda. “Mwalimu, Asiye na Jina ana mpaka?”

“Si.”

“Basi huwezi kusema yuko juu na huku chini hayuko. Ukisema hayuko hapa, umemwekea ukuta, na mwenye ukuta si yule unayemtafuta.” Hoja ile ilikuwa inaibomoa ngazi aliyojifunza Eutropio tangu ujanani, na aliipenda. Akamalizia hata hivyo: “Kana na hilo ‘si’ lako, mwalimu. Ndicho kipandio cha mwisho, nacho kinateremka.”

Mzee akatabasamu. “Umenishika,” akasema. Fahamu zilikuwa zimerudi. Mwili ndio ulikuwa umesahau kazi yake. Maji yalimtoka pembeni mwa mdomo, na chakula alikigeuzia uso.

Zoila ndiye aliyemaliza. Alileta supu ya dengu. Hakumbembeleza. Alimwegemeza kifuani, kama yeye mzee alivyomwegemeza zamani alipougua surua, akaipuliza ile supu, akaionja kwanza, akasema: “Baba, wamesema yupo hata huku chini. Basi yumo na humu bakulini. Utamwacha apoe?”

Mzee akacheka, na mdomo uliocheka ukafunguka, na kijiko kikaingia. Akameza. Niwaambieni kweli, hapa mimi kila mara nafurahi kama mzee ni wangu.

Lakini uzee hauna dawa. Miezi ikapita, mzee akajua safari hii anapanda moja kwa moja. Akawaita.

“Huko nilikokuwa, nilionyeshwa kitu,” akasema. “Walimu wangu waliniachia sharti: kitu cha namna hiyo kinatoka mdomoni kuingia sikioni, sikio moja tu, mara moja. Sikio la pili linakigeuza uvumi. Nitampa aliyenirudisha. Ni nani?”

Tarusi akasema: “Nisingekufuata, hawa wasingekuwa na wa kusema naye. Na nililiacha jina la Bwana wangu ili nikufikie. Nataka kujua kama ni yeye niliyemgusa kule.”

Eutropio akasema: “Ulifumbua macho, mwalimu, lakini hukuwa umerudi. Niliivunja ngazi yangu kwa ajili yako. Sina tena pa kupandia. Nipe cha kushika.”

“Mimi siri siitaki,” akasema Zoila. “Ila bila kijiko changu wangezika mtu mwenye akili timamu. Na kama baba yangu amebakiwa na maneno ya mwisho, nataka niambiwe mimi.”

Mzee akawatazama, machozi yakimlenga. “Wote mliuachia mkono wangu, na wote mliushika,” akasema. “Amueni wenyewe, wanangu. Safari hii bila kugombana.” Akafumba macho, midomo ikaanza kuchezacheza.

Msinitazame mimi. Aliyenisimulia aliishia hapo hapo, akainuka akaenda zake. Pumzi ya mzee inafifia na sikio ni moja. Je, wewe ungemsogeza nani karibu? Na wale wawili watakaobaki wamesimama, utawaambia nini?