Kimo cha Seremala

Mlango haupimwi kwa kimo cha seremala. Methali hii mmeisikia leo, mmecheka, na nyote mmedhani ilizaliwa kwenye karakana ya mbao. Sivyo. Kaeni vizuri niwaeleze ilikoanzia, maana ilianzia kwa watu wa kompyuta, mjini Moshi, kwa mwanamke aliyeijua kazi yake barabara.

Jina lake Nanzia. Alikuwa fundi mkuu wa tovuti katika kampuni moja ndogo, na kazi yake ilikuwa upande ule wa mbele, ule unaouona wewe ukifungua simu: maandishi yakae wapi, picha iwe na ukubwa gani, kitufe kibonyezwe wapi. Watu hudhani hiyo ni kazi ya kupaka rangi. Thubutu! Fundi akikosea hapo, hata kama nyuma kuna mitambo ya ajabu, mtu haingii.

Mwaka huo hospitali moja ya milimani, Upare, ilipata bahati. Madaktari bingwa wa macho walikubali kuja kuondoa mtoto wa jicho bila malipo, kwa sharti kwamba wagonjwa wajiandikishe mapema kwa simu, ili wajue walete vifaa kiasi gani. Wagonjwa wakiwa wachache, safari ingehamishiwa mkoa mwingine. Nanzia akapewa kazi ya kutengeneza ukurasa wa kujiandikisha. Aliifanya kwa moyo wote, kwani mama yake mzazi, Bi Nakiete, alikuwa mmoja wa waliokuwa wakingoja tiba hiyo. Mtu akisimama mlangoni, yule mama alimtambua kwa sauti tu.

Nanzia akafikiri: hawa ni wazee, tena wagonjwa, tusiwasumbue. Akaubana ukurasa wote utoshee kioo kimoja, usisogezwe juu wala chini. Jina, kijiji, namba ya simu, na chini kabisa kitufe cha kijani cha kutuma. Akaujaribu kwenye simu kubwa na ndogo, mpya na kuukuu, hata penye mtandao wa kusuasua. Kila mahali ukafunguka vizuri, naye akaona amemaliza.

Siku ya mwisho ya kujiandikisha, mchana, mratibu wa hospitali, Bwana Senkondo, akapiga simu.

"Dada Nanzia, kuna nini huko kwenu? Wazee wananiambia wameshaandika, lakini kwangu majina hayafiki. Nina wachache tu walioandikishwa na wajukuu zao. Madaktari wanataka jibu jioni hii."

Nanzia akaufungua ukurasa mara moja. Akajiandikisha mwenyewe kwa majaribio, jina likafika. Wenzake wakajaribu, yao nayo yakafika. Hapo ndipo alipoogopa kweli, kwa sababu kosa usiloliona utalitengenezaje? Akampigia mama yake.

"Mama, ulijiandikisha?"

"Mbona zamani, mwanangu! Nimeandika jina, kijiji na namba. Nawasubiri wanipigie."

"Ukabonyeza kitufe cha kijani?"

"Kijani kipi?"

"Kile cha chini kabisa, Mama. Chini ya namba ya simu."

"Chini ya namba hakuna kitu, Nanzia. Nilidhani ndiyo mwisho."

"Hebu sukuma juu kwa kidole."

"Nasukuma, hausogei. Umegoma kama punda."

Nanzia alikaribia kukasirika, akidhani ni macho ya mama tu. Akajizuia, akauliza taratibu, "Maandishi yenyewe unayaonaje?"

"Hayo nayaona. Mdogo wako Mbonea alinikuzia, yakawa kama ya bango la kanisani. Wote wenye macho haya tumekuziwa, mwanangu, tungesomaje?"

Nanzia akachukua mojawapo ya simu zake za majaribio, akakuza maandishi mpaka mwisho, akafungua ukurasa wake mzuri. Maneno yakavimba, yakakisukuma kitufe nje ya kioo, na kwa kuwa yeye mwenyewe aliufunga ukurasa usisogee, hapakuwa na njia ya kukifuata. Simu zote alizojaribia zilikuwa na maandishi ya kutosha macho yake. Waliohitaji tiba ya macho ndio aliowafungia nje.

"Mama, nisamehe. Kosa ni langu."

Bi Nakiete akacheka. "Ni kama mlango wa jiko letu. Fundi alikuwa mfupi, akaupima kwa kimo chake, akapita, akajisifu. Marehemu baba yako alikuwa na nundu ya paji la uso mpaka anaingia kaburini! Mlango haupimwi kwa kimo cha seremala, mwanangu. Haya, tengeneza, sikati simu."

Nanzia akaondoa ile amri aliyoiweka ya kuufunga ukurasa usisogee, akauacha ukurasa urefuke kadiri maandishi yanavyotaka. Kazi ilikuwa fupi hata chai yake mezani haikupata kupoa.

"Funga, kisha ufungue upya, Mama."

Bi Nakiete akafunga, akafungua. Kisha, "Aa! Hiki hapa! Kijani kweli kweli!"

Jina la Nakiete likatokea kwenye kompyuta ya Nanzia. Akaweka kichwa mezani, akalia kwa furaha bila kumwonea mtu haya. Bwana Senkondo akawapigia wenyeviti wa vijiji, nao wakawaambia wazee wajaribu tena. Majina yakaanza kumiminika, na jioni madaktari wakajibu kwamba wanakuja.

Baada ya upasuaji, Bi Nakiete alipofunguliwa bandeji, alimtazama bintiye aliyekaa kando ya kitanda, akamtazama tena.

"Nanzia! Umeota mvi na hukuniambia!"

Nanzia hakuwahi kufurahia mvi zake kama siku ile.

Tangu hapo, pale ofisini kwao kila fundi akimaliza ukurasa hukuza maandishi mpaka mwisho kabla ya kuukabidhi. Na akitokea mgeni wa kazi anayejisifu kwamba kwenye simu yake umefunguka vizuri, wenzake hawabishani naye. Humwambia tu: mlango haupimwi kwa kimo cha seremala.