Kola ya Mamba

Jamani, mpo?

Tupo!

Niwadanganye?

Tudanganye, ila utushonee vizuri!

Basi alikuwapo Kalunguyeye, kinyama cha kuenea kiatuni, mgongo mzima miiba. Alianza kwa kushona viraka vya Kobe. Akapanda cheo, akashona skafu za Twiga. Akapanda tena, mpaka mabibi harusi wa nchi saba wakawa hawaolewi bila gauni lake. Uzeeni akafungua darasa. Wanafunzi wake panya watatu.

Siku hiyo wamo darasani, mlango ukaanguka, puu! Mamba huyo.

"Wewe fundi! Ijumaa nina sherehe. Nishonee vazi ambalo halijawahi kuvaliwa. Nikishashangiliwa, nawala hawa wanafunzi wako."

"Wote watatu, Mheshimiwa?"

"Na kiti chao."

Lahaula! Panya wakapigwa na butwaa, sindano zikawadondoka, tik, tik, tik. Lakini fundi ni fundi. Akatoa utepe, akapima. Kifua, chwi! Kiuno, chwi! Alipouzungusha puani, Mamba akataka kupiga mwayo. Wapi! Kinywa hakikufunguka.

Kalunguyeye akashtuka nusura aangushe chaki. Kumbe! Taya linalovunja mfupa wa nyati, kufunga linaweza. Kufunguka, linashindwa na utepe!

"Mnaandika lakini?" akawauliza panya.

"Tunaandika, Mwalimu," wakajibu.

Ijumaa Mamba akavishwa hariri nzito, kola ndefu, vifungo arobaini, vyote mgongoni.

"Fundi, mbona kola inafika puani?"

"Za shingoni wanavaa vyura, Mheshimiwa."

"Ehee! Basi funga, funga!"

Akatokea ukumbini. Mtume! Wageni vinywa wazi, Nyani kaanguka na kiti. Makofi pwa, pwa, pwa! Mamba akawageukia panya. Kinywa, hakifunguki. Mikono mifupi, mgongo haifikii. Mmm! Mmm!

"Anasema amependa," Kalunguyeye akawatangazia wageni. Makofi tena.

Kisha akamsogelea sikioni. "Utawala wanafunzi wangu?"

Mamba akatikisa kichwa: la.

"Haya, kifungo kimoja. Na wa mwakani?"

La.

"Cha pili."

Wakaenda hivyo hivyo mpaka cha thelathini na tisa. Cha arobaini Kalunguyeye akakiacha palepale. Kinywa kikabaki na upenyo wa kupitisha dagaa tu.

Fundisho, wanangu: nguo ikikubana, usimlaumu fundi, laumu mwili wako. Mimi na suruali yangu ya harusi, mwaka wa ishirini huu hatusemezani.

Uongo wangu nimeupiga pasi, nimeukunja. Mwenye wake autandaze.